Kila fani na lake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wahusika wa gemu za kuigiza mezani

Maswali haya huletwa na wasimulizi wapya wa Arusha na Moshi, wengi wao wakiwa tayari wana kundi la wachezaji na kisa kilichoanza kukwama. Fani hapa ni ile klasi ya mhusika: mpiganaji, mganga, mwizi, malenga na wengineo. Msimulizi ni anayeendesha kisa na kusema dunia imejibu nini. Kama hujawahi kucheza kabisa, katafute kwanza meza ya watu ukae nao jioni moja, ndipo usome.

Wachezaji wangu wanasema fani zote ni zilezile, zimepishana majina tu. Nimekosea wapi?

Tazama karatasi walizoandikia wahusika wao. Mpiganaji anarusha dadu na kuongeza 5 kwa ajili ya upanga. Mchawi anarusha dadu na kuongeza 5 kwa ajili ya moto. Mwizi naye ni 5 za kisu. Wote watatu wanachagua adui, wanarusha, wanapunguza pointi za uhai, zamu inapita. Moto na kisu hapo ni mapambo.

Fani hutofautiana pale kinachomkosesha mchezaji utulivu kinapotofautiana. Zamu ikimkaribia, mpiganaji awe anawaza asimame wapi ili wenzake wasiguswe. Mwizi awe anatafuta nani hajamwona bado. Mganga awe anapima: nimtibu huyu sasa, au nimsubiri atakayekuwa hoi zaidi? Namna rahisi ya kujua kama umefaulu ni kusikiliza wanachokuuliza wewe msimulizi. "Mlango una upana gani?" "Yule mlinzi kageukia wapi?" "Anatokwa damu nyingi?" Hao ni watu watatu wenye kazi tatu, hata kama namba zao zinalingana. Wote wakisema "Napiga, imetoka ngapi?" basi una fani moja yenye majina matatu.

Mengine yote kwenye ukurasa huu ni njia za kuwafanya wakuulize maswali tofauti.

Kwani kumpa mpiganaji uhai mwingi na silaha kubwa hakutoshi?

Hakutoshi, na ushahidi ni wa zamani. Dungeons & Dragons, gemu maarufu ya kuigiza mezani, ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kwenye kanuni zile za kwanza silaha zote ziliumiza kwa dadu moja ya pande 6, iwe kisu au shoka la mikono miwili. Bado hakuna aliyemchanganya mchawi na mpiganaji, kwa sababu mchawi alilazimika kuchagua mapema aingie pangoni na uchawi upi, na akishautumia umekwisha. Hesabu ya silaha ilikuwa moja, lakini wasiwasi wao haukuwa mmoja.

Fikiria pia nyongeza ndogondogo. Kwenye dadu ya pande 20, kumwongezea mtu 2 kunabadili matokeo ya mirusho 2 kati ya 20. Jioni nzima mtu anarusha labda mara 15. Huenda nyongeza yako isionekane hata mara moja, na mchezaji atarudi nyumbani akijua tu kwamba karatasi yake imeandikwa vizuri.

Basi niwazuie wengine wasifanye kazi ya fani nyingine?

Hapa ndipo wengi huharibu. Mwaka 1975 kijitabu cha nyongeza cha mchezo huohuo kilileta mwizi, akiwa na asilimia zake za kupanda kuta, kujificha na kufungua kufuli. Wazo lilikuwa zuri. Lakini meza nyingi zilielewa hivi: kama mwizi ana asilimia za kujificha, asiye mwizi hana ruhusa ya kujificha. Watu waliokuwa wakinyata gizani kwa kueleza tu wanavyonyata wakaacha kujaribu. Na mwizi mwenyewe akiwa mchanga asilimia zake zilikuwa duni, kwa hiyo kundi zima likawa halinyati.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila mtu anaweza kujaribu, ila mwenye fani hajaribu, anafanya. Mpiganaji akitaka kupanda ukuta wa boma, arushe dadu, tuone. Mwizi akitaka kuupanda, amepanda. Dadu yake inajibu swali jingine, kwa mfano alipofika juu aliona nini. Namna hiyo humnyang'anyi mtu kitu, na mwizi anabaki mwizi.

Hatuna dadu za pande 20. Tuna za ludo tu. Tunaweza kutofautisha fani?

Mnaweza, na pengine vizuri kuliko wenye mfuko mzima wa dadu za rangi. Chukua mfano huu, nimeutumia sana.

Mpiganaji mwenye nidhamu anarusha dadu mbili na kujumlisha. Wastani wake ni 7, na 12 humtokea mara 1 kati ya 36. Anaaminika. Mpiganaji wa hasira anarusha dadu moja na kuzidisha kwa 2. Wastani wake ni 7 vilevile, lakini 12 humjia mara 1 kati ya 6, na 2 nayo mara 1 kati ya 6. Akisimama kurusha, meza nzima inanyamaza. Mwizi anarusha dadu tatu: kama adui hajamwona, anaondoa iliyo ndogo na kujumlisha zilizobaki, wastani takriban 8.5, akishaonekana, anaondoa iliyo kubwa, na wastani unashuka hadi takriban 5.5. Katikati ya hizo mbili ni 7.

Hakuna aliyependelewa. Ila wa kwanza anapanga, wa pili anaomba Mungu, na wa tatu anakusumbua usiku kucha kuuliza kama taa imezimwa. Hilo ndilo tulilolitaka, na limegharimu dadu tatu za dukani.

Programu za simu za kurusha dadu zipo na zinafanya kazi, lakini huwa naona wachezaji wakiishia kwenye WhatsApp. Kama mnahitaji pande 20, vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 20 ndani ya kopo vinatosha. Kila kipande kirudishwe koponi kabla ya mwingine kuchomoa.

Na kama havirudishwi?

Basi umepata fani nyingine kabisa. Dadu haikumbuki kitu, mfuko unakumbuka.

Mganga wa meza yetu hana dadu. Ana kimfuko chenye komwe 10 za bao, 3 kati yake zimepakwa rangi nyeusi. Anapotibu anachomoa moja moja: kila komwe isiyo na rangi inarudisha pointi 2 za uhai, na anaacha anapotaka. Ikitoka nyeusi, tiba inakoma na mganga mwenyewe anapata madhara, kwa mfano anachukua homa ya mgonjwa. Komwe zilizotoka hazirudi mfukoni hadi kundi lifike kwenye makazi ya watu.

Mwanzoni hatari ni 3 kati ya 10, mtu anachomoa bila woga. Zikishatoka 4 zisizo na rangi, zimebaki 6 na nyeusi zote bado zimo ndani: nusu kwa nusu. Mchezaji wa mganga anahesabu kimyakimya tangu mwanzo wa jioni. Wenzake wanajua anahesabu, kwa hiyo wanaanza kumwuliza kabla ya kurukia vita: "Mfuko ukoje?" Ukiona mpiganaji anamwuliza mganga hivyo, mganga wako ana uzito mezani.

Wazo la vitu vinavyochomolewa lilinijia kutokana na oloiboni wa Kimaasai, ambaye hutikisa mawe kutoka kwenye kibuyu au pembe na kuyahesabu ili kusoma jambo. Hesabu yake halisi hatuigizi. Tumechukua tu lile la kwamba mikono ya mtu huyu inashika kitu ambacho wengine hawashiki.

Kwa nini watu husema fani za toleo la mwaka 2008 zilifanana, wakati kila moja ilikuwa na orodha ndefu ya mbinu?

Kwa sababu ya mdundo. Katika toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka 2008, mpiganaji, mchawi na kasisi wote walipewa mbinu za namna tatu: za kutumia wakati wowote, za mara moja kwa kila pambano, na za mara moja kwa siku. Mbinu zenyewe zilitofautiana, na kusema haki, majukumu ya vitani yalikuwa wazi kuliko matoleo mengi: huyu analinda, huyu anaumiza, huyu anawaongoza wenzake, huyu anautawala uwanja. Lakini mchezaji akiiweka karatasi mbele yake alikuwa na swali lilelile alilokuwa nalo jirani: nitumie ile kubwa sasa, au niitunze?

Toleo la mwaka 2014 lilirudisha midundo mbalimbali. Mwizi ana pigo lake la kuvizia kila zamu, halimwishii, mradi tu apate nafasi. Mchawi msomi hurudishiwa karibu nguvu zake zote baada ya usingizi wa saa 8. Yule mchawi aliyefunga mkataba na kiumbe mkubwa ana nafasi chache za uchawi, lakini anazipata tena akipumzika saa 1. Weka watatu hao mbele ya mlango mmoja: mmoja anataka waingie, wa pili anataka walale, wa tatu anasema tukae kidogo chini ya mti. Ugomvi huo ni mtamu kuliko vita yenyewe.

Kuna tatizo la kwetu hapa. Tunacheza Jumamosi mchana, na wa Usa River na Ngaramtoni lazima wawahi daladala. Kwa saa tatu mnapata pambano moja, mkijitahidi mawili. Mchawi akijua hakuna pambano la tatu anamwaga kila kitu papo hapo, na mpiganaji anabaki kumshikia mkoba. Usingizi ukiwa ndio unaorudisha nguvu, mwenye nguvu za siku ndiye atakayetawala meza. Funga urejeshaji kwenye mahali badala ya saa: nguvu zinarudi mkifika kijiji kingine, au mkivuka mto, hata kama safari hiyo itachukua vikao vitatu.

Nje ya mapigano fani zangu zinapotea. Sokoni wote ni watu tu.

Hili ndilo swali ninalolipenda, na majibu yake hayataki hesabu. Kila fani iwe na nyumba moja inayoikaribisha na nyumba moja inayoifungia mlango.

Chukua mhunzi, fani ambayo vitabu vingi vya gemu huifanya ujuzi wa pembeni tu. Kwa Wamaasai, wahunzi, yaani ilkunono, walikuwa kundi lililotengwa: mikuki na sime za wapiganaji zilitoka mikononi mwao, lakini watu wa koo nyingine waliepuka kuoana nao. Upande wa Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na wahunzi wao, na chuma chao kingi kilitoka kwa biashara na Wapare wa Ugweno. Ndani ya habari hizo mbili kuna fani iliyokamilika. Mtu anayehitajiwa na kila mpiganaji na asiyealikwa kwenye harusi. Mtu ambaye akifika mji mgeni swali lake la kwanza ni: chuma chenu mnakipata wapi? Akijibiwa, amejua nani rafiki wa nani, barabara ipi iko wazi, na vita itatokea upande gani.

Sasa mpeleke sokoni pamoja na wenzake. Mpiganaji anapishwa njia ila bei zinapanda akikaribia. Mganga anafuatwa na wagonjwa na hawezi kupita haraka hata akitaka. Malenga anapewa chakula bure kisha anadaiwa habari za alikotoka. Mwizi hatambuliki, na hiyo ni neema yake hadi siku atakapohitaji mtu wa kumdhamini. Hujarusha dadu hata moja, na hakuna atakayesema wote ni watu tu.

Jambo hilohilo linafaa kwenye mapango. Pale Marangu kuna mapango ya kale ambayo Wachaga waliyachimba kujificha wakati wa uvamizi, njia nyembamba ambazo mtu mzima anainama kupita. Ukiyatumia kama mfano wa pango la kisa chako, mpiganaji wa mkuki mrefu hana pa kuuzungushia, mhunzi anasoma alama za jembe ukutani na kujua waliochimba walikuwa na haraka au la, na mganga anauliza hewa inaingilia wapi.

Wachezaji wawili wanataka fani ileile. Niwakatalie?

Usiwakatalie. Wape madeni tofauti. Mpiganaji mmoja anadaiwa na kijiji kilichomlea, mwingine anadaiwa na bwana aliyemnunulia silaha. Kisha watofautishe kwa dadu kama nilivyoeleza: mmoja wa nidhamu, mmoja wa hasira. Toleo la 2014 lina matawi ndani ya kila fani, yanayochaguliwa mhusika akiwa ngazi (yaani hatua ya kukua kwake) ya 1, 2 au 3 kutegemea fani, na sababu mojawapo ya kuyapenda ni hii hasa.

Je, malenga lazima aimbe kweli?

Hapana. Kumlazimisha mtu mwenye aibu atunge beti mbele ya wenzake si kuipa fani ladha, ni kumkomoa. Akipenda mwenyewe, sawa, na akitoa shairi lenye vina vilivyokaa mpe anachotaka.

Malenga wetu anacheza na karata. Mwanzo wa kikao anachukua 5 na kuzificha. Wakati wowote anaweza kumpa mwenzake karata moja kwa kusema anamkumbusha nini: ahadi, wimbo wa kwao, aibu ya jana. Kopa inamwezesha mwenzake kurudia mrusho wake, shupaza inamlazimisha adui arudie wake, uru inafungua mkono wa mtu mwenye mali, pau inawafanya watu wacheke. Malenga hawezi kujitumia karata yake mwenyewe. Kwa hiyo wakati wengine wanatazama adui, yeye anatazama wenzake, na ni fani pekee mezani inayokaa hivyo.

Kuna wachezaji Wamaasai, Wameru na Wachaga mezani. Si vibaya kuchezea mila zao?

Inategemea unachochukua. Usiandike jina la ukoo au cheo halisi juu ya karatasi kisha ukampa nguvu za kurusha radi. Chukua muundo: anahitajiwa lakini hakaribishwi, anajua lakini hasemi bure. Ipe dunia yako majina yake. Na mtu wa mila hiyo akiwa mezani, muulize kabla, si baada. Mara nyingi atakurekebisha na fani itakuwa bora.

Mama mwenye nyumba kasikia tunaongelea uchawi na anauliza tunafanya nini humo ndani.

Mkaribisheni, mpeni kiti na dadu. Mwoneshe karatasi, aone ni hesabu na hadithi. Sisi tuliamua kitu kimoja ambacho kimesaidia pia mchezo: mganga anafanya kazi mchana, mlango wazi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, uchawi wa usiku ni wa maadui peke yao, hauchezwi na mtu. Mganga akazidi kueleweka, na maadui wakazidi kutisha.

Nataka kutengeneza fani zangu kwa Kiswahili. Nikinakili kanuni za watu nitashtakiwa?

Sehemu ya kanuni za toleo la 2014 la Dungeons & Dragons, ile hati inayoitwa SRD 5.1, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Unaweza kuitumia, kuitafsiri, kuibadili, hata kuuza kazi yako, mradi utaje chanzo kama leseni inavyotaka. Haijumuishi kila kitu kilichomo kwenye vitabu vyao, kwa hiyo fuata yaliyo ndani ya hati yenyewe tu.

Ukishatengeneza, kila fani iwe na karatasi yake, upande mmoja wa A4, yenye maswali yake mwenyewe kwa mchezaji. Gemu ya Apocalypse World ya mwaka 2010 ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo huo. Karatasi ya mwizi imwulize nani anamtafuta. Ya mhunzi imwulize silaha gani anajutia kuifua. Pelekeni steshenari mtoe kopi, mchezaji mpya aichague kwa kuisoma dakika mbili.

Nimeandika fani 12. Ni nyingi?

Ndiyo. Cheza na 4 kwanza.

Kuna gemu zisizo na fani kabisa. Kwa nini tusifanye hivyo?

Zipo na ni nzuri. RuneQuest ya mwaka 1978 haikuwa na klasi; ujuzi hupanda kadiri unavyoutumia. Zinawafaa wachezaji wanaojua wanachotaka. Mgeni asiyejua pa kuanzia humpoteza, maana anapewa orodha ya ujuzi na hakuna anayemwambia yeye ni nani.

Mhusika akifa, mchezaji abadili fani au arudi na ileile?

Mwache achague, ila asirudi na pacha wa marehemu. Akitaka mpiganaji tena, awe wa dadu nyingine na deni jingine. Aingie ngazi sawa na wenzake, na aingie kikao hichohicho, si Jumamosi ijayo. Kama wako pangoni, wamkute amefungwa kwenye chumba kinachofuata. Vitu vya marehemu viende anakodaiwa marehemu. Hapo wenzake watalazimika kuamua kama wanausindikiza mkuki kijijini kwao au wanauuza, na mhunzi ndiye atakayejua unauzwa bei gani.